Kuandaa usiku wa kawali: kauli kwanza, ngoma baadaye

Neno lenyewe tunalo tayari. Kauli tunayoitamka kila siku na kawali, uimbaji wa kisufi unaosikika Delhi, Ajmer na Lahore, ni watoto wa shina moja la Kiarabu, shina la kusema. Mwimbaji wa kawali ni mtu anayeikariri kauli mpaka imwingie msikilizaji. Ukilishika hilo, sababu za mambo mengi yafuatayo utazijua hata kabla hujaambiwa, maana kimo cha sauti, makofi, mpango wa kukaa na hata njia inayopita fedha, vyote vimewekwa ili neno lifike. Kikundi kinachoanza kwa kutafuta sauti kali na ngoma nzito, kisha ndipo kitafute la kuimba, kimeanzia mkiani.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanane au tisa wanaotaka kuandaa usiku mmoja wa saa mbili na nusu hivi, kwa utaratibu wa tarika ya Chishti, ambayo ndiyo iliyoilea kawali Bara Hindi. Sheikh Muinuddin Chishti, aliyeileta tarika hiyo Bara Hindi, alifariki Ajmer mwaka 1236. Nizamuddin Auliya, walii wa tarika hiyohiyo, alifariki Delhi mwaka 1325, na mwaka huohuo akafuatwa na muridi wake mpendwa, yaani mwanafunzi wake wa kiroho, mshairi Amir Khusrau. Waimbaji wa kawali humhesabu Khusrau kuwa ndiye baba wa sanaa yao, na kwenye ziara ya Nizamuddin, yaani kaburi lake mjini Delhi, bado huimba jioni ya Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa.

Masharti yaliyotangulia ala

Masufi wa kale waliuita usikilizaji huu sama, na kauli inayonasibishwa na Junaid, sufi wa kale wa Baghdad, inasema sama ina nguzo tatu: zamani, makani na ikhwani. Yaani wakati ufaao, mahali pafaapo, na ndugu wanaofaa. Si pambo la maneno. Ukiweka kawali wakati wa watu kula, nusu ya hadhara itakuwa inatafuna. Ukiiweka kando ya barabara, honi zitakula vina. Ukiwaalika watu waliokuja kupiga picha, wenye kiu ya maneno wataona haya hata kutoa chozi. Basi wekeni baada ya sala ya Isha, ndani ya chumba au ua uliozungukwa na ukuta, na mualike watu wachache wanaojua walichoitiwa. Watu 40 walioketi karibu ni bora kuliko 400 walio mbali.

Nizamuddin mwenyewe alitaja mambo manne ya kuangaliwa: anayeimba awe mtu mzima, anayesikiliza awe moyo wake uko kwa Mwenyezi Mungu, kinachoimbwa kisiwe na upuuzi, na ala zisiwepo. Ndiyo, ala zisiwepo. Hamoniamu na tabla, ile jozi ya ngoma za Kihindi, mnazoziona leo ziliingia kwa ruhusa za baadaye, na hamoniamu yenyewe ni chombo cha karne ya 19. Zipo tarika zisizokubali sama kabisa. Kwa hiyo kabla ya kukodi chochote, muulizeni sheikh wenu au wenye mahali. Mkiambiwa ala hapana, imbeni kwa sauti na makofi tu. Kawali ya makofi matupu inasimama; kawali ya ala bila adabu haisimami.

Kuchagua maneno na kuyapanga

Usiku una mpangilio wake, na haupinduliwi. Hutangulia hamdi, kumsifu Mungu. Hufuata naati, sifa za Mtume. Wenye kuzoea kasida watajiona nyumbani hapo. Kisha mankabati, sifa za Imamu Ali au za walii, jambo ambalo waliokulia kwenye manakibu ya Sheikh Abdulkadir hawahitaji kuelezwa. Baada ya hapo ndipo hufunguliwa mlango wa mashairi ya mapenzi ya kiroho, ghazali na mengineyo. Mwisho, katika hadhara nyingi za Chishti, huimbwa Rang, wimbo wa Khusrau wa furaha ya kumpata murshidi wake, yaani kiongozi wake wa kiroho. Upo pia ule unaoitwa Qaul hasa, uliojengwa juu ya hadithi ya Mtume kwamba yeyote ambaye yeye ni maula wake, basi Ali ni maula wake. Huo huwekwa mwanzoni au karibu na mwisho, kwa sababu silsila ya Chishti, yaani mlolongo wa masheikh wake, humfikia Mtume kwa kupitia Ali.

Wimbo mmoja huchukua dakika 15 hadi 30. Kwa saa mbili na nusu andaeni nyimbo tano, na ya sita muiweke akiba. Waanzaji huandaa kumi na mbili, wakazikimbiza zote, na hakuna hata mmoja uliopata nafasi ya kuiva.

Mashairi ya asili yako kwa Kiajemi, Kiurdu, Kipunjabi na Kihindi cha zamani. Mkiyaimba, kila mwimbaji, hata muitikiaji wa nyuma kabisa, ajue maana ya kila neno. Asiyejua atavuta pumzi katikati ya neno au atatilia mkazo kiunganishi, na mjuzi wa lugha atasikia mara moja. Kabla ya kila wimbo, mtu mmoja asiye mwimbaji awasomee wasikilizaji maana kwa Kiswahili, kwa dakika moja, isizidi. Hasa elezeni mafumbo: mvinyo ni mapenzi ya Mungu, mnyweshaji ni murshidi, nyumba ya ulevi ni zawia, na maashuki anayelaumiwa kwa kujificha ni Mola asiyeonekana kwa macho. Msikilizaji wa pwani aliyelelewa na mafumbo ya taarabu atalishika haraka, lakini asipoambiwa ataona watu wazima wenye kofia wanasifu chupa.

Kuimba kwa Kiswahili kunawezekana, tena kuna faida moja kubwa itakayoonekana hapo chini kwenye mapigo.

Hamoniamu

Hamoniamu ya Kihindi ni kinanda kidogo cha kukaa nacho chini: mkono wa kushoto unasukuma mivukuto kwa nyuma, wa kulia unabonyeza. Ya kawaida ina vibonyezo 42. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi, ile ya akina Juma Bhalo, wameizoea sauti yake.

Kabla ya kununua au kukodi, ijazeni upepo, bonyezeni kibonyezo kimoja, kisha acheni kusukuma. Sauti ikifa kabla hamjahesabu hadi tano, upepo unavuja. Mara nyingi ni kwenye maungo ya ngozi ya mivukuto au ubao uliopinda. Halafu pitisheni kidole kwenye vibonyezo vyote kimoja kimoja. Kwenye miji ya bahari mbao huvimba kwa unyevu na vibonyezo hukwama vikiwa chini. Kibonyezo kilichokwama katikati ya hamdi kitalia hadi wimbo uishe. Kihifadhini chombo ndani ya sanduku lake, mbali na sakafu.

Kusukuma ni kwa pole na mfululizo, kwa vidole, kama unampepea mtoto aliyelala. Anayeufungua mvukuto wote na kuubamiza husikika: sauti inavimba na kunywea kila sekunde, na waimbaji nao huanza kuvimba na kunywea pamoja naye.

Kosa la pili ni la wapiga kinanda waliofundishwa kanisani au kwenye bendi: kubonyeza sauti tatu kwa pamoja. Kawali haina hilo. Hamoniamu hufuata mahadhi ya mwimbaji sauti moja baada ya nyingine, kama kivuli, na hujaza pale anapovuta pumzi. Ukitandika sauti tatu chini yake, unamfungia njia za kupindisha mahadhi.

Sauti ya msingi huitwa Sa, na ndiyo uamuzi mzito kuliko yote ya siku hiyo. Kiongozi atafute Sa ambayo anaweza kuiimba bila kuhema, kisha apande hadi Sa ya juu, na bado abakiwe na sauti tatu nne za juu yake. Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji mashuhuri wa kawali wa Pakistan aliyeishi 1948 hadi 1997, aliimba juu sana, na vijana wengi humwiga kwa kuchukua Sa yake. Dakika ya kumi wanapiga kelele, dakika ya ishirini hawana sauti. Mkiwa na shaka, shusheni Sa kwa kibonyezo kimoja au viwili. Kilele cha wimbo ndicho kinachohitaji nafasi, si mwanzo.

Kwa kuanzia jifunzeni mahadhi mawili tu. La kwanza ni Yaman, lifaalo mwanzo wa usiku. Kutoka Sa hesabuni vibonyezo vyote, vyeupe kwa vyeusi, na mpande hivi: 2, 2, 2, 1, 2, 2, 1. Mkianzia C, yaani kibonyezo cheupe kilicho kushoto mwa vile vyeusi viwili vilivyoambatana, mtagusa cheusi kimoja tu, cha nne katika safari. La pili ni Bhairavi, ambalo kwa desturi ya Kihindi hupenda kufunga kikao: 1, 2, 2, 2, 1, 2, 2. Yaman imefunguka kama ua la nyumba. Bhairavi ina majonzi. Hamdi na naati ziwekeni kwenye Yaman, wimbo wa kuaga kwenye Bhairavi.

Tabla na dholaki

Hamoniamu haipandishwi wala kushushwa, kwa hiyo ngoma ndiyo inayoifuata. Tabla ndogo ya mkono wa kulia huwekwa kwenye Sa. Ina sehemu 16 kuzunguka mdomo wake na vigingi vinane vya mti ubavuni. Kwanza vigingi: kugonga kuelekea chini kunakaza na kupandisha, kuelekea juu kunalegeza. Hiyo ni kwa mabadiliko makubwa. Kisha msuko wa ngozi ulio ukingoni: gongeni kwa nyundo ndogo kutoka juu kupandisha, kutoka chini kushusha. Msizunguke kwa mpangilio wa saa. Mkimaliza sehemu moja nendeni ya upande wa pili inayoikabili, vinginevyo ngozi itavutika upande mmoja na hamtapata sauti moja kamwe. Kila mara gongeni ukingoni kwa kidole na msikilize kama sehemu zote zinasema neno moja.

Chagueni tabla inayokaribia Sa yenu tangu mwanzo. Ngozi ndogo ina sauti ya juu, pana ina ya chini. Kuilazimisha ngoma pana ipande sana huipasua, na ngozi ikipasuka kwenye lile doa jeusi la katikati haishoneki.

Iingizeni chumbani nusu saa kabla ya kuikaza. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi, feni na kiyoyozi huikausha na kuipandisha. Ngoma iliyokazwa nje ikaletwa ndani ya ubaridi itakuwa imehama kabla ya hamdi kumalizika.

Sauti nzito ya kawali, ile inayosikika kifuani, hutoka kwenye ngoma ya kushoto au upande mpana wa dholaki, ngoma yenye ngozi pande mbili, na siri yake ni unga wa ngano. Kandeni unga kwa maji, mlaini kidogo kuliko wa chapati, kiasi cha donge la ukubwa wa limau. Lowesheni katikati ya ngozi kwa kidole, bandikeni donge, mlitandaze liwe duara la sentimita saba au nane, katikati nene na kingo nyembamba. Uzito ule unashusha sauti. Ukiwa mwingi mno ngoma inakuwa bubu. Bandueni kidogo kidogo. Ukikauka unapasuka na kuanza kukwaruza, hivyo wekeni kibakuli cha maji kando, na kati ya nyimbo mpigaji aupake kwa kidole. Kazi hii ya unga ni moja ya sababu zilizofanya wengi wahamie tabla, kwani dholaki ilidai kuhudumiwa kila baada ya wimbo. Sarangi nayo, chombo cha nyuzi kilichotangulia, iliipisha hamoniamu kwa sababu kama hiyo: ilitaka kurekebishwa upya kati ya nyimbo.

Kukaa

Kaeni chini, miguu imekunjwa, kwenye zulia au busati, safu mbili. Mbele: kiongozi, msaidizi wake mmoja au wawili, na hamoniamu moja au mbili. Nyuma: waitikiaji wanne au watano na wapiga ngoma. Mpiga ngoma akae mahali anapoona mkono wa kiongozi, kwa sababu kiongozi husema kwa mkono: kiganja kilichoinuliwa ni "subirini", kidole kinachorudi ni "rudieni". Kwenye ziara, kikundi hukaa kikilikabili kaburi la walii, na njia ya katikati huachwa wazi. Msijiweke jukwaani juu ya sheikh wa hadhara. Yeye ndiye mwenyeji wa usiku, nyinyi ni watumishi wa neno.

Wote wawe na udhu. Simu zizimwe.

Vipaza sauti vitatu vinatosha: cha kiongozi, cha waitikiaji, na kimoja kati ya ngoma na hamoniamu. Cha hamoniamu kikisogezwa karibu sana, kinameza maneno yote. Na mwangwi wa mashine, ule unaopendwa na mafundi wa harusi, zimeni kabisa. Neno linalojirudia lenyewe angani linagongana na neno jipya, na kawali ni sanaa ya kurudia kwa makusudi.

Wimbo unavyojengwa

Hamoniamu na ngoma huanza peke yake kwa dakika moja au mbili, zikipitia mahadhi. Kisha ngoma hunyamaza, na kiongozi anaghani bila mapigo, taratibu, akizifungua sauti za mahadhi moja moja kwa ubeti mfupi wa utangulizi. Ubeti huo si wa wimbo wenyewe. Ni wa kuwaelekeza nyoyo. Hapa msiharakishe. Mtu aliyetoka kazini na kwenye foleni ya magari anahitaji dakika hizi ili afike.

Ndipo ngoma zinaingia na wimbo unaanza. Mapigo yanayobeba kawali nyingi ni keherwa, yenye hesabu 8: dha ge na ti, na ka dhi na. Yapo pia dadra, yenye hesabu 6. Na hapa ndipo Kiswahili kinapopata bahati yake. Kipande cha utenzi kina mizani 8, na nusu ya mshororo wa shairi la kawaida pia ina mizani 8. Hesabu ni ileile. Chukueni mshororo huu, tumeutunga kwa mazoezi:

*Nimefika mlangoni, nipokee ya Latifu*

Ukiuanza kwenye pigo la 1, mizani zote zitaingia, lakini utasikia kitu kimepinda. Sababu ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: nime-FI-ka, mla-NGO-ni. Silabi hizo ni ya 3 na ya 7, ilhali makofi mazito ya keherwa yako kwenye 1 na 5. Makofi yanaangukia "ni" na "m", silabi zisizo na uzito. Dawa ni kuanza kuimba mapigo mawili mapema, kwenye 7 ya mzunguko uliotangulia. Ni iko 7, me iko 8, FI inaangukia kofi la 1, ka 2, m 3, la 4, NGO inaangukia kofi la 5, ni 6. Sasa mdomo na viganja vinasema jambo moja. Jaribuni mara kumi kwa kuzungumza tu, bila mahadhi.

Linganisheni na "nifungulie Latifu". Hiyo nayo ina mizani 8 kamili, na kwenye karatasi haina kasoro. Lakini mkazo wa nifungu-LI-e uko kwenye silabi ya 4, na mkianza kwenye 7 kofi la 1 litaanguka juu ya "ngu". Kipande cha namna hiyo kitafaa kughaniwa, hakifai kuwa kiitikio. Mtunzi wa kawali ya Kiswahili ahesabu mizani, kisha ahesabu mikazo.

Makofi yapigwe na waitikiaji wote, 1 na 5 mwanzoni. Mwendo ukichanganya, ongezeni 3 na 7. Viganja vikiwa bapa hutoa sauti kavu, vikiwa na shimo hutoa nzito. Chagueni moja, wote. Anayepiga kwa nguvu za bega atachoka na kuchelewa. Pigeni kwa viwiko.

Waitikiaji wasisubiri kiongozi amalize. Wanaingia juu ya neno lake la mwisho, yeye akiwa bado amelishika, ili pasiwe na ufa wa ukimya. Naye huvuta pumzi wakati huo. Zoezi lake: kiongozi aimbe mshororo mzima, waitikiaji waingie kwenye "Latifu" na warudie mshororo wote, kiongozi aingie tena kwenye "Latifu" yao. Dakika kumi bila kusimama. Kikundi kisichoweza hili hakijawa tayari kukaa mbele ya watu.

Kisha kuna takrari, kurudia. Kurudia kwa kawali si kupiga muhuri. Imbeni mshororo mzima mara nne. Ukateni: "nipokee ya Latifu" pekee, mara sita au zaidi. Ukateni tena: "ya Latifu, ya Latifu". Kila mara kiongozi apande sauti moja au ageuze mkunjo wa mahadhi, ilhali waitikiaji wamebaki palepale kama ukuta. Neno likikatwakatwa hivyo, maana yake ya kawaida hulegea, na msikilizaji hulisikia kama analisikia mara ya kwanza. Mkirudia bila kugeuza chochote, watu husinzia. Mkigeuza kila kitu kwa wakati mmoja, hupotea.

Na kuna kufunga fundo. Kiongozi anasimamisha kiitikio, anaghani ubeti kutoka shairi jingine, hata la mtunzi mwingine au lugha nyingine, ambao unakuja kuangukia kwenye kiitikio kana kwamba vilizaliwa pamoja. Kwa mfano:

*Sina kitu mkononi, ila chozi lenye hofu*

halafu hapohapo, "nipokee ya Latifu". Kina kimekubali, na maana imeongezeka: sasa tunajua anayebisha hodi amekuja mikono mitupu. Kiongozi mzuri ana mabeti mengi kichwani, na huchagua la kufunga kwa kuzitazama nyuso za walioketi. Waanzaji waandae mafundo matatu kwa kila wimbo. Fundo lisilofunga, yaani ubeti mzuri usiohusiana na kiitikio, ni aibu kubwa kuliko kusahau maneno.

Mwendo hupanda kadiri wimbo unavyokwenda, na hapo ndipo vikundi vichanga huharibikiwa. Wanapanda dakika ya tatu kwa msisimko, na dakika ya nane hakuna pa kupanda tena. Mpiga ngoma ndiye mwenye lijamu. Asipande mpaka kiongozi aonyeshe, na kila akipanda akae kwenye mwendo huo mizunguko mingi kabla ya kupanda tena. Wimbo hukatika ghafla kileleni, au hushushwa taratibu, kubalianeni mapema.

Mtu akipandwa na jazba

Jazba na hali ni maneno yetu wenyewe, na kwenye kawali ndiyo hasa matunda yanayoombwa. Mtu ataanza kulia, kutikisika, au atasimama. Kanuni ni moja na haina mjadala: neno lililomgusa ndilo litakaloendelea. Kiongozi asihamie ubeti mwingine, asibadilishe mahadhi, asikatize. Arudie maneno yaleyale mpaka mtu huyo atulie mwenyewe.

Wafuasi wa Chishti huisimulia sababu kwa mfano wa Sheikh Kutbuddin Bakhtiyar Kaki, muridi wa Muinuddin, aliyefariki Delhi mwaka 1235. Aliimbiwa beti ya Kiajemi yenye maana kwamba waliouawa kwa jambia la kuridhia, kila wakati hupewa uhai mwingine kutoka ghaibu. Husimuliwa kuwa jazba ilimshika siku kadhaa, waimbaji wakairudia beti hiyo, naye akizinduka kwa sala tu kisha akirejea hali yake, mpaka roho ikamtoka. Waimbaji wanaoijua habari hii hawaichezei takrari.

Kwa vitendo: wekeni watu wawili watulivu wa kumzunguka anayesimama ili asiangukie ngoma au taa. Wasimshike kwa nguvu, wasimwamshe. Sheikh wa hadhara akisimama kwa heshima ya hali hiyo, wote husimama naye. Na mkimwona mtu anayejifanyisha, mwacheni. Kazi ya kupima nyoyo si ya waimbaji. Ila msimjengee wimbo mzima anayetafuta macho ya watu.

Tuzo

Kutunza tunakujua kutoka kwenye taarabu: unainuka, unakwenda hadi kwa mwimbaji, unamwekea noti. Kwenye kawali njia ni tofauti. Mwenye kutoa humwendea kwanza sheikh wa hadhara na kumkabidhi kwa mikono miwili huku ameinama. Sheikh anaigusa, kisha inapelekwa mbele ya waimbaji. Hivyo fedha inapita kwa sheikh kama nadhiri, yaani hidaya ya heshima, na mwimbaji hashukuru mtu kwa jina katikati ya wimbo. Watangazieni wageni utaratibu huu kabla ya kuanza. Noti za kurushwa hewani zikatazeni, kwani huyavuta macho ya wote kutoka kwenye neno.

Kufunga usiku

Baada ya Rang au wimbo wenu wa mwisho, makofi ya pongezi hayapigwi. Sheikh anasoma dua na Fatiha, watu wanagawiwa tende au halua, na waimbaji wananyamaza kidogo kabla ya kusogoa. Sauti iliyotumika saa mbili na nusu inahitaji maji ya uvuguvugu, si soda ya barafu.

Tuzo ihesabiwe usiku uleule mbele ya kikundi kizima, na igawanywe kwa kiwango mlichokubaliana kabla: kiongozi na wapiga ala huweza kuzidishiwa, lakini muitikiaji wa safu ya nyuma asiondoke na nauli tu. Vikundi vingi huvunjika hapa, si kwenye mahadhi.

Kisha mpiga ngoma asilale kabla ya kubandua unga. Aloweshe duara kwa kitambaa chenye maji, asubiri dakika tano lilegee, alitoe kwa vidole bila kisu, apanguse ngozi na kuiacha ikauke kivulini. Unga ulioachwa hadi asubuhi huikausha ngozi kwa kuivuta, na mende hufika kabla ya mwenye ngoma.